Mafuta Yasiyochanganywa

Kama kuna mtu mjini Bukavu aliyewahi kumuuzia Apolline kitu kilichochanganywa akafanikiwa, mtu huyo mpaka leo hajajitokeza kujisifu. Mama huyu aliuza mawese sokoni Kadutu tangu akiwa msichana wa kumbebea mama yake madumu, na katika maisha yake yote alisomea jambo moja tu, akafuzu mpaka likamlevya: jinsi uongo unavyotiwa ndani ya chombo. Aliijua asali iliyoongezwa sukari ya kuchemsha. Aliyajua maziwa yaliyoongezwa maji ya bomba, kasiksi, ile pombe ya ndizi, iliyoongezwa maji ya popote pale, na mawese yaliyochacha yakatiwa rangi ili yaonekane mapya. Alichovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akakitazama juani, kisha akatoa hukumu kwa sauti ya kuwafikia hata wauza samaki wadogo wa ndagala upande wa pili wa soko.

"Hii iko na maji. Peleka kwa mujinga mwengine."

Wenzake walimwita awapimie vitu kabla hawajanunua, naye alikwenda mbio, akiacha wateja wake mwenyewe wamesimama na chupa tupu mkononi. Hakutaka malipo. Alichotaka ni watu wawe wengi. Kwake dunia ilikuwa na makabila mawili, wanaochanganya na wanaochanganyiwa, na yeye alijiweka kando ya yote mawili, mahali ambapo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Sasa, kwa bahati mbaya, au kwa bahati nzuri kwa wapenda maneno, binti yake Bijou aliolewa na Gentil, kijana wa Kamanyola ambaye mama yake, Martine, aliuza maziwa. Siku ya kupeleka mahari wageni waliandaliwa maziwa aliyokuja nayo Martine. Apolline akaonja, akaweka kikombe chini, akasema mbele ya wajomba wa pande zote mbili:

"Mukwe wangu, ng'ombe zenu zinakunywaka maji mingi."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Martine naye alicheka, akaendelea kumimina vikombe vilivyobaki, na tangu siku hiyo hakumletea Apolline hata tone la maziwa. Apolline alihesabu huo kuwa ushindi. Kuna watu ambao wakishawaaibisha wenzao hudhani wamewafundisha.

Bijou alipoteza mimba ya kwanza, akapoteza na ya pili. Ya tatu aliibeba kwa hofu, hapandi mlima, hashuki mlima, na Bukavu ni mji ambao usipopanda unashuka, kwa hiyo alikaa ndani. Alipojifungua salama mtoto wa kiume, Gentil akamwita Destin, na Bijou akarudi kwa mama yake Kadutu ili amlee mpaka apate nguvu. Hapo ndipo Apolline alipopata kitu ambacho hakuwahi kukipima wala kukitilia shaka. Alimwogesha mtoto huyo asubuhi, akamwogesha jioni, akamkanda miguu na mgongo, akamkunjua vidole kimoja kimoja. Alimpenda. Hilo tulikubali, maana mengine yote yatakayofuata hayatampendeza. Kazi ya kumwogesha hakumwachia mtu, hata Bijou mwenyewe alipata ruhusa ya kushika taulo tu.

Mtoto hajafikisha miezi miwili, Martine akapanda kutoka Kamanyola na mfuko wa mchele wa bondeni, akaja kumwona mjukuu. Kila jioni alikaa kwenye kiti karibu na beseni, mikono mapajani, akisubiri aambiwe na yeye amshike mtoto kidogo majini. Kila jioni Apolline alimaliza kazi, akamfunga mtoto kwenye taulo, akampitisha mbele ya bibi mwenzake hadi kwa Bijou. Yule wa maziwa ya maji aguse mtoto wake? Thubutu.

Kisha ikaja mvua, ile ya Bukavu isiyo na adabu, inayoanza kabla ya misa na kuendelea baada ya baraka, na mtoto akazibwa pua. Usiku alikoroma, akinyonya anaachia ziwa ili apumue. Hakuwa na homa. Bijou, aliyekwisha kuzika matumaini mara mbili, hakulala. Na kwa kuwa ndio msimu ambao mji mzima ulikuwa umeshikwa na wazimu wa mafuta ya ubani, kila aliyeingia kumpa pole alitoa dawa moja: mpakeni mafuta ya ubani.

Nisieleze sana wazimu huo, mliokuwepo mnajua. Mjini kulikuwa hakuna tena mgonjwa, kulikuwa na watu ambao hawajanunua mafuta ya ubani. Mkuu wa dini hiyo mpya alikuwa Donatien, ambaye juzijuzi tu alikuwa akiuza kadi za simu. Akapata koti jeupe, Mungu ndiye ajuaye alilitoa wapi, akapata kipaza sauti, akasimama mtaani Nyawera akawa daktari.

"Ubani! Mafuta ya ubani, pure, safi kabisa, moja kwa moja toka Arabia! Bamajusi balipelekea mutoto Yesu! Tension, sukari, mugongo, tumbo ya bamama, akili ya batoto mu masomo, mpaka visa yenye balikukatalia! Tone moja mu chai, tone moja mu pua, tone moja mu kitovu!"

Na watu wenye diploma zao ukutani wakanunua. Wakatia kwenye chai.

Apolline alishuka Nyawera siku hiyo na mwavuli wake, akasimama mbele ya meza ya Donatien kwa namna ambayo waliomjua walianza kusogea karibu ili wasikose kitu.

"Docteur," akasema, "mutoto wangu iko na miezi haiyafika mbili. Inamufaa?"

"Maman, mutoto Yesu alikuwa na siku ngapi? Na balimupa."

"Balimupa na or, zahabu. Tuanze kumezesha batoto zahabu?"

Mchimbaji mmoja wa dhahabu kutoka Mwenga aliyekuwa akipita alicheka kwa sauti, akasimama naye. Donatien akatabasamu lile tabasamu la mtu anayetafuta mlango. Apolline akachukua chupa moja mezani bila kuomba, akaifungua, akachukua karatasi ya matangazo ya Donatien mwenyewe, yenye picha yake na koti, akadondosha tone moja katikati. Halafu akainua mkono watu wangoje.

"Mafuta ya harufu, ikiwa ya kweli, itaenda na upepo," akawatangazia. "Karatasi itabakia kavu. Muangalie."

Wakangoja. Mvua ilikuwa imepumzika na jua limechungulia kidogo. Tone halikwenda popote. Lilitanuka, likatanuka, likaifanya karatasi ing'ae hadi mtu akaweza kuona kidole cha Apolline upande wa pili, na lilipotulia lilikuwa limemeza uso wote wa Donatien pichani.

"Hii," akasema Apolline, akiinua karatasi juu kama padri anavyoinua hostia, "ni mafuta ya kukaangia samaki ya sambaza. Ubani balipitisha pembeni, ikasalimia, ikaenda zake."

Watu walipasuka kwa kicheko. Waliokuwa wamenunua ndio waliocheka zaidi, maana mtu akitapeliwa hucheka kwa nguvu asijulikane. Donatien alianza kukusanya chupa zake. Katika kujitetea alisema neno moja la kweli, pengine la kwanza tangu avae lile koti.

"Maman, niliichanganya juu ya usalama! Ikiwa yenyewe tu, inaunguza batu!"

Kicheko cha hapo kiliwafanya hata mapolisi wa barabarani wageuke. Juu ya usalama! Mwizi anakuibia ng'ombe ili usichoke kuchunga! Apolline alifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge, akaondoka akiwa amesindikizwa kwa vigelegele, na neno lile la Donatien akaliacha palepale Nyawera pamoja na karatasi.

Lakini mtoto bado alikuwa amezibwa pua. Na kwa mantiki yake, ikiwa cha uongo hakifai, cha kweli ndicho dawa. Akapanda moto, zile pikipiki za abiria, akaenda Muhumba kwa binamu yake, Masera Mélanie, ambaye pamoja na masista wenzake waliendesha kiwanda kidogo nyuma ya nyumba yao ya kitawa. Walinunua utomvu wa mti mkubwa wa msituni, ule ambao watu wa Shabunda huuchoma kama ubani na kuwashia moto, wakaupika kwa mvuke, wakakusanya mafuta yake tone kwa tone. Hakukuwa na kipaza sauti pale. Kulikuwa na pipa linalotokota, mpira wa maji baridi, na harufu ya limau na kanisa mpaka kwenye nguo zilizoanikwa.

Apolline aliomba tone na karatasi. Tone likakaa, likapungua, likatoweka, na karatasi ikabaki kama ilivyotoka dukani. Aliigeuza upande huu na huu. Alitafuta doa kama mtu anayetafuta sindano, asilione, na moyo wake ukayeyuka. Maisha yote alikuwa akipima vitu akitarajia uongo. Hiki kilikuwa safi.

"Hii ndiyo nilikuwa natafuta," akasema. "Munipe ya mutoto wa Bijou, iko na grippe."

Mélanie, ambaye alikuwa amevaa glavu hadi kwenye viwiko, akamtazama.

"Ya mutoto? Apana, dada. Hii haiko ya mutoto muchanga, hata kidogo. Hata karibu na pua yake isifike, inaweza kumufunga pumzi. Mama mwenye mimba naye, apana."

"Sasa munaitengeneza ya nani?"

"Ya kutia mu sabuni. Ya kunukisha nyumba. Ya mutu muzima mwenye grippe, tone mbili mu maji ya moto, afunge macho, avute mvuke. Ya viungo, kama goti yako hiyo inakuliza kila siku ya mvua. Unatwaa kijiko ya mafuta ya kawaida, unatia tone moja ao mbili, unakoroga, unapaka. Yenyewe tu, usipake. Usiinywe, hata kama batu ya Nyawera banakunywa. Uiweke mbali na jua, ikizeeka inakuwa mubaya zaidi kwa ngozi."

Apolline alisikia maneno mengi, lakini moja tu ndilo lililomkaa, tena likamchoma.

"Kuchanganya? Hata ninyi bamasera? Mu nyumba ya Mungu?"

"Dada, kuwa pure si kusema inafaa kila mutu. Ni kusema iko na nguvu."

Apolline alitikisa kichwa kukubali, kama tunavyotikisa kichwa kwenye mahubiri, huku tukiangalia kofia ya mtu wa mbele. Mélanie akampa kichupa kidogo, akarudia tena, kwa goti, kwa goti tu. Apolline akakifunga kwenye pindo la kitenge. Njia nzima hadi Kadutu aliwaza jambo moja: hawa masista nao, elimu yote hiyo, na bado wanataka kuharibu kitu kizuri kwa mafuta ya dukani. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Apolline lilikuwa limeshiba vigelegele vya Nyawera.

Alimkuta Bijou uani akijiandaa kwenda kuoga, na Martine kwenye kiti chake karibu na mlango akichagua maharage. Mtoto alikuwa kitandani, macho wazi, akikoroma taratibu.

"Gentil ameenda pharmacie kutafuta ile maji ya chumvi ya kusafisha pua," Bijou akasema. "Muganga alimuambia ndiyo inafaa batoto. Mama, na weye? Masera alisema nini?"

Hapa naomba tusimame kidogo, maana hapa ndipo mwanamke huyu alipofanya kile alichowalaania wenzake sokoni miaka yote. Binti yake alimwomba ukweli, naye akautia maji.

"Alisema ni nzuri sana," Apolline akajibu. "Iko safi kabisa, niliipima."

"Kwa mutoto pia?"

"Ni mie nitakudanganya?"

Bijou akasita. "Bon. Ngoja Gentil arudi, tutaona." Akachukua sabuni na ndoo, akaenda kuoga.

Ngoja Gentil! Kijana ambaye mama yake anauza maji meupe! Apolline aliingia ndani, akamfunua mtoto kifua, akafungua kichupa. Harufu ikajaa chumbani. Martine akaacha maharage, akasimama mlangoni.

"Mukwe," akasema kwa upole, "harufu hii iko kali. Hauwezi kwanza kuchanganya hata na kamafuta kadogo?"

"Kuchanganya ni kazi yako," Apolline akamjibu bila kugeuka. "Mie siuzaka maziwa."

Akamimina kiganjani. Akampaka mtoto kifuani, akampaka mgongoni, akaokota tone la mwisho kwa kidole na kumpaka chini ya pua, kwa mapenzi yote, taratibu, akimwimbia. Mtoto alishtuka, akafumbua macho makubwa, akanyamaza. Hata kukoroma kukakoma. Apolline akageuka akamtazama Martine kwa lile jicho la sokoni, lile la karatasi iliyoinuliwa juu.

Alipogeuka tena, mtoto alikuwa amefungua kinywa na sauti haitoki.

Kifua kidogo kilikuwa kinaingia ndani kila anapojaribu kuvuta pumzi. Ngozi ilipopakwa ilikuwa inapanda wekundu. Akapiga chafya, akakohoa, akakwama, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Apolline alimpepea. Alimpuliza usoni. Akaita jina lake kama vile mtoto amelala. Ni Martine aliyemnyanyua, akamtoa nje penye hewa, akapaza sauti ya kumwita Bijou, na Bijou akatokea mbio amejifunga kitenge kimoja, povu la sabuni bado mabegani.

Walipata moto barabarani. Bijou na mtoto kwenye moja, bibi wawili kwenye nyingine, wamebanana nyuma ya dereva, na yule ambaye hakuwahi kuruhusiwa kushika taulo alimshika Apolline kiunoni asianguke. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku hiyo mama huyu aliyajua maneno hayo kwa mwili wake wote, akipanda mlima juu ya pikipiki kwenye matope, akiwa hajui kama mjukuu aliye mbele bado anapumua.

Kwenye kituo cha afya muuguzi anayeitwa Jean-Baptiste alimpokea mtoto bila kuuliza jina, akamwekea oksijeni puani, akaweka sikio la chombo kifuani. Kisha akainua uso, akanusa hewa.

"Mulimupaka nini?"

"Mafuta tu," Apolline akasema.

"Mafuta gani?"

"Ya ubani."

"Mulichanganya na nini?"

Na hapo, Mungu amsamehe, mtoto yuko vile mezani, kinywa cha mwanamke kilitangulia akili yake kwa mazoea ya miaka mingi, kikasema kwa fahari:

"Na kitu hapana. Iko pure."

Jean-Baptiste alimtazama kwa muda mfupi tu, maana alikuwa na kazi.

"Hata acide ya batri iko pure, maman."

Akamtuma mfagiaji akalete mafuta ya kula jikoni, maana, alisema, maji peke yake hayaondoi kitu kile, yanakitembeza tu. Akayamimina kwenye pamba, akamfuta mtoto kifua, mgongo, chini ya pua, akabadilisha pamba, akafuta tena, ndipo akaja na sabuni na maji vuguvugu. Apolline alisimama pembeni, muuza mafuta wa Kadutu, akitazama mgeni akimchanganyia mjukuu wake mafuta ya dukani juu ya ngozi ili apone.

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja aliyemleta mwanawe kwa chanjo. Mtoto wake mnene alikuwa akinyonya kwa bidii, na mama huyo, kwa nia njema kabisa, akamwegemea Apolline.

"Juu ya nini haukutwaa ya Docteur Donatien? Mie wangu ninamupakaka kila siku. Unaona, haina shida."

Muuguzi akasikia. "Ile haina kitu ndani, maman. Ni bahati yenu. Na usiipake tena." Apolline hakucheka. Tapeli wa Nyawera alikuwa amelinda watoto wa nusu ya mji kwa wizi wake, na yeye, mkweli, ndiye aliyekuja na mtoto wa bluu.

Pumzi ya Destin ilirudi polepole. Kwanza kifua kiliacha kuingia ndani, kisha rangi ikarudi midomoni, kisha, Mungu ashukuriwe, kilio, hafifu na cha hasira. Bijou alikaa chini sakafuni palepale akalia naye. Jean-Baptiste akasema atabaki naye hapo mpaka kesho amwangalie, na akataka kujua hasa mafuta yale yametoka wapi na yametengenezwa kwa nini. Bijou akachukua simu, akampigia Masera Mélanie, akaweka sauti ya nje ili muuguzi asikie.

Mélanie alieleza mti, akaeleza utomvu, akaeleza nguvu yake. Kisha akauliza kwa nini wanataka kujua. Bijou akamwambia.

"Lakini nilimuambia," sauti ya Mélanie ikasema. "Bijou, nilimuambia mama yako mutoto asikaribie. Nilimuambia ni ya goti. Nilirudilia."

Bijou akakata simu. Hakumtazama mama yake. Angemtukana, angepiga kelele, Apolline angejua la kufanya, kwa sababu kwenye kelele hakuna mtu Kadutu nzima aliyemshinda. Bijou alimgeukia Martine, akamwomba aende nyumbani amletee nepi. Gentil alifika na maji yake ya chumvi mkononi, akayaweka mezani, akakaa karibu na mkewe. Apolline alibaki amesimama kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae.

Kesho yake wakarudi nyumbani. Mtoto alikuwa na magamba mekundu kifuani, lakini alinyonya, alikojoa, alikasirika, alifanya kazi zote za mtoto. Jioni ilipofika Apolline alichemsha maji bila kuambiwa. Akayapima kwa kiwiko. Akaweka beseni mahali pake, akatandika taulo, akakaa kwenye kigoda chake, akanyoosha mikono kama alivyofanya kila jioni tangu mtoto azaliwe.

Bijou akatoka chumbani na Destin. Akampita mama yake. Akamweka mtoto mikononi mwa Martine.

Ingekuwa nafuu kama Martine angejivuna. Hakujivuna. Alimshika mtoto kwa woga wa mtu aliyesubiri kitu muda mrefu, akamteremsha majini pole pole, akamkinga kichwa, na mtoto akatupa miguu akarusha maji. Bijou akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu jana. Apolline alikuwa kwenye kigoda, karibu kiasi cha maji kumrukia, mikono yake bado iko hewani, asijue aiweke wapi.

Mtoto alipotolewa na kufungwa kwenye taulo, Apolline alifanya jambo ambalo sidhani alikuwa amewahi kulifanya mbele ya watu. Aliomba.

"Bijou, mwanangu. Nimushike tu. Kidogo."

Bijou akaja mpaka mbele yake. Akaishika mikono ya mama yake, yote miwili, akaigeuza viganja juu. Akainama akavinusa, mkono wa kulia, halafu wa kushoto, kati ya vidole, kwenye kucha, bila haraka, mbele ya Martine na mbele ya Gentil aliyesimama mlangoni.

"Kwanza nawa," akasema.

Apolline akaenda uani. Akanawa kwa sabuni. Akasugua kwa majivu, akasugua kwa limau, akanawa tena kwa sabuni mpaka ngozi ikakunjamana, akairudisha mikono kwa binti yake huku maji yakichuruzika viwikoni. Bijou akanusa tena.

"Bado."

Apolline alijinusa mwenyewe. Hapakuwa na harufu yoyote, ila ya sabuni. Katika mji mzima hapakuwa na pua inayojua jambo hilo kumzidi. Alifungua kinywa aseme mikono yake ni safi. Akamwona Martine amemlaza mtoto begani, akimpigapiga mgongo taratibu huku akitazama chini ili asimwaibishe mkwe wake. Apolline akafunga kinywa, akachukua sabuni, akarudi uani kunawa.